Watani wa Bon Jovi

Wenzangu wanasema Jon Bon Jovi siku hizi akifika kwenye kiitikio cha mwisho cha "Livin' on a Prayer" huwageuzia watazamaji kipaza sauti kama mtu anayemsogezea mwenzake bili ya chakula. Wanasema Tommy na Gina, wale wapenzi wawili wa kwenye wimbo, wameshastaafu na sasa wanafuatilia mafao yao. Wanasema zamani alikuwa mwimbaji na leo ni kiongozi wa kwaya: yeye anaanzisha, umati unamalizia. Mjomba wangu, ambaye ana kaseti ya Bon Jovi tangu ujana wake, anasema yule bwana sasa analia kama mbuzi aliyefungwa nyuma ya baiskeli kupelekwa soko la Chisokone, pale Kitwe.

Mimi hucheka sana. Lakini kicheko hicho kimewahi kutugombanisha sisi tuliozoea kucheka pamoja, na katika kugombana nilipata neno la Kiswahili ambalo nilikuwa nikilitumia kila siku bila kulifikiria. Kwa hiyo nitaeleza ugomvi wenyewe, kisha nitafika kwenye neno.

Wapenzi wa muziki wa roki katika bweni letu hapa Dar es Salaam tuko watano. Idadi hiyo si ya kujivunia. Vyumba vingine vinapiga bongo fleva, singeli na nyimbo za Injili, na sisi tukiwasha gitaa la umeme tunaulizwa kama tumefiwa au tumepagawa. Mimi ni Mzambia niliyekuja kusoma Kiswahili. Yuko Mkenya mmoja, Mmalawi mmoja, na Watanzania wawili: mmoja ni Mhehe wa Iringa, ambaye sote tunamwita Mnyalukolo, na mwingine ametoka Unguja. Watu wachache wenye mapenzi yasiyoeleweka na majirani hushikamana, tena hubishana sana, maana hawana wengine wa kubishana nao.

Ubishi wetu mkubwa ni huo wa sauti ya Bon Jovi. Ili uueleweke, lazima nianze na wimbo.

"Livin' on a Prayer" ulitoka mwaka 1986 katika albamu ya Slippery When Wet. Jon, aliyezaliwa New Jersey nchini Marekani tarehe 2 Machi 1962, alikuwa na miaka 24. Wimbo unasimulia habari za kijana mfanyakazi wa bandarini ambaye yuko kwenye mgomo, na mpenzi wake anayehudumia wateja mgahawani, na jinsi wanavyoshikana mikono wakati fedha hakuna. Mtu wa Copperbelt hahitaji kufafanuliwa habari hiyo. Mjomba wangu alikuwa mgodini miaka ile ambayo bei ya shaba ilikuwa imeanguka na mishahara haifiki mwisho wa mwezi. Alinunua kaseti hiyo akaisikiliza mpaka maandishi ya juu yakafutika. Anasema Wamarekani wengi waliimba kuhusu magari na wasichana, lakini huyu aliimba kuhusu mtu aliyegoma na bado ana kodi ya kulipa.

Karibu na mwisho, wimbo unafanya jambo la ukatili. Wapiga muziki wa hapa wanasema "kii inapanda": kiitikio kilekile kinahamishwa juu kwa nusu toni tatu, na mwimbaji ambaye tayari yuko kileleni anatakiwa apande kilele kingine. Hapo ndipo msikilizaji anaposisimka, na hapo ndipo palipo na mtego. Kijana wa miaka 24 aliutega mtego huo studio akiwa na koo la chuma, bila kujua kwamba mtu atakayeukanyaga ni yeye mwenyewe akiwa na miaka 60.

Mashabiki waliona dalili mapema. Katika maonyesho ya miaka ya baadaye bendi ilikuwa ikishusha kii. Mwaka 2013 mpiga gitaa Richie Sambora aliondoka, na ndipo wengi walipotambua kwamba sauti yake ya nyuma ilikuwa nguzo iliyobeba paa. Kisha ukaja mwezi Aprili 2022. Bendi ilizunguka miji ya Marekani, watu wakarekodi kwa simu zao, na vipande vya video vikatufikia huku kwetu kabla hata jasho la jukwaani halijakauka. Sauti ilikuwa nyembamba, inatetema, na mara nyingine haifiki pale inapokwenda. Mkenya alikuwa wa kwanza kutuonyesha. Tulicheka mpaka mlinzi wa bweni akaja kugonga mlango.

Baada ya kicheko tukagawanyika makundi matatu.

Mkenya alisema mzee astaafu. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu ana haki ya kulinda jina lake hata dhidi yake mwenyewe. Bon Jovi wa leo anamharibia Bon Jovi wa jana. "Kocha akiona mchezaji ameumia anamtoa uwanjani," alisema. "Huyu hana kocha."

Mmalawi alizungumzia fedha. Alisema hana neno na mzee anayeimba nyumbani kwake, ila anayeuza tiketi anauza kitu. Aliyelipa nauli, akalipa kiingilio, akasimama saa tatu, hakulipia huruma. Kama sauti haipo, tangazo liseme hivyo: njooni mtuimbie.

Mnyalukolo alisema aendelee. Ashushe kii kadiri anavyotaka, aimbe kwa kunong'ona, azungumze tu kama hawezi kuimba. "Nyimbo ni zake," alisema. "Mtu hafukuzwi kwenye nyumba aliyoijenga kwa sababu hawezi tena kupanda ngazi."

Mimi sikuwa na kundi. Kila aliyezungumza nilimwona ana haki mpaka alipoanza mwingine.

Jambo lililobadilisha mazungumzo halikutoka kwenye muziki. Lilitoka darasani, katika somo la fonetiki. Mwalimu alituambia tuweke vidole viwili kooni, tutamke z kwa kuivuta, kisha s. Kwenye z koo linatetemeka. Kwenye s linatulia. Hiyo ndiyo tofauti ya sauti ghuna na sauti sighuna, na kinachotetemeka ni nyuzi sauti, mikunjo miwili midogo ndani ya koromeo ambayo hukutana na kuachana hewa inapopita katikati yake. Mwanamume akizungumza kawaida hukutana kiasi cha mara 100 hadi 150 kwa sekunde moja. Akiimba noti za juu, zile za roki, hukutana mara 400 na zaidi. Zinatakiwa zikutane sawasawa, kama viganja vya mtu anayepiga makofi. Kiganja kimoja kikikosa kufika, hewa inavuja, na mtu anasikika kama anayeimba huku akipuliza chai.

Umri unazishughulikia nyuzi hizo bila kumwonea mtu. Misuli yake hupungua unene, gegedu za koromeo hukakamaa, na mapafu yanayosukuma hewa hupoteza nguvu. Ndiyo maana wazee wengi wa kiume sauti zao huwa nyembamba na za juu kidogo kuliko zilivyokuwa katika utu uzima wao. Wengine hubahatika, wengine hawabahatiki.

Bon Jovi hakubahatika, na kwake halikuwa suala la umri peke yake. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba uzi mmoja ulikuwa umesinyaa. Alitoa mfano wa vidole: mmoja ulikuwa mnene kama kidole gumba, mwingine mwembamba kama kidole cha mwisho, na ule wenye nguvu ulikuwa ukimsukuma mwenzake. Mwezi Juni 2022 alifanyiwa upasuaji. Madaktari waliweka kipandikizi cha plastiki kuusogeza uzi dhaifu ukutane na mwenzake. Baada ya hapo akaanza mazoezi ya sauti, kama mtu aliyevunjika mguu anavyojifunza tena kutembea.

Habari hizo zilipotufikia, Mkenya aliacha utani. Alisema hawezi kumcheka mgonjwa. Tulidhani ni uzee na uvivu, kumbe ni maradhi. Chumba kikawa kizito. Tulisikiliza nyimbo mbili tatu kwa adabu, kama watu waliokwenda kumjulia hali mtu wasiyemfahamu. Na hapo Mnyalukolo, yule yule aliyekuwa akimtetea mzee, akakasirika.

"Yaani akiugua ndiyo mnamnyima utani?" alisema. "Kwetu hiyo ndiyo dharau yenyewe. Mtu unayemnyamazia umeshamzika."

Neno utani nilikuwa nikilijua kwa maana ya mzaha. Hapa mjini hulisikia zaidi kwenye mpira: Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na wiki ya mechi yao hakuna mtu anayesalimika. Lakini Mnyalukolo alikuwa akizungumzia utani wa asili, ule uhusiano baina ya kabila na kabila, au ukoo na ukoo, unaompa mtu ruhusa ya kumtania mwenzake bila yule mwenzake kuruhusiwa kukasirika. Wahehe na Wangoni ni watani. Walipigana sana katika karne ya 19, na katika vita hivyo ukaja kuzaliwa utani. Mngoni anaweza kufika kwenye msiba wa Mhehe akamwiga marehemu anavyotembea, akaulizia deni lake la pombe, akawadai wafiwa faini, na watu wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni.

Nilimwambia kwamba hilo tunalijua vizuri. Kwetu Zambia Wabemba na Wangoni ni vivyo hivyo, na chanzo chake ni vita vya karne hiyohiyo. Kwa Kibemba huitwa chimbuya. Mimi ni Mbemba. Mngoni akiniona ananiuliza kama nyama ya nyani imeiva, nami namuuliza kama amemaliza panya wake. Mgeni akitusikia anaweza kwenda kuita polisi. Na hao Wangoni wetu wa Chipata na hao wa Songea asili yao ni moja, watu wa Zwangendaba waliopanda kutoka kusini; kwa hiyo nilimweleza Mnyalukolo kwamba mimi na yeye tumetaniwa na watu walewale.

"Basi unajua sheria," alisema.

Ndiyo, nilikuwa naijua, ila nilikuwa sijawahi kuitamka. Mtani hapewi ruhusa ya kucheka bure. Anayeiga mwendo wa marehemu ndiye pia anayeshika jembe makaburini. Anayewatania wafiwa ndiye anayepika, anayechota maji, anayewalazimisha kula. Kicheko chake kina kazi ndani yake. Anayecheka kisha akaondoka kwenda zake huyo si mtani. Ni mpita njia aliyeona mtu ameanguka.

Nilimpelekea mjomba ujumbe wa sauti kumweleza mjadala wetu. Kwa Wabemba mjomba ni mzazi kamili. Mambo ya kitoto huulizwa baba, mambo mazito huulizwa mjomba, na kwake Bon Jovi ni jambo zito. Jibu lake lilikuja usiku. Alisema yeye ana sheria moja tangu zamani: asiyekuwa na kaseti asicheke. Watoto wa jirani yake walipoiona ile video ya 2022 wakaanza kukata mbavu, aliwauliza kila mmoja ataje nyimbo tano za albamu moja. Hawakuweza. Akawafukuza uani. Yeye akabaki peke yake akacheka mpaka akakohoa.

Kisha akaongeza jambo ambalo nalisema hapa kwa ruhusa yake. Mjomba ni mwanakwaya. Kwa miaka mingi aliimba sauti ya tatu kanisani kwetu, ile ya wanaume wa juu, na kwenye misiba yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwa sababu hakuna aliyeweza kuanza juu kama yeye bila kuushusha wimbo katikati. Mwaka juzi kiongozi wa kwaya, kijana aliyemfundisha mwenyewe kusoma noti, alimwomba kwa heshima zote ahamie sauti ya nne, kwa wale wa chini. Mjomba alikuwa wa kwanza kucheka. Aliwaambia wanakwaya kwamba lifti ya mgodi imemshusha, na sasa atawaimbia akiwa chini ya ardhi. Watu walicheka, kijana akapumua, mazoezi yakaendelea.

Ila shangazi aliniambia kwamba wiki ile mjomba hakuimba nyumbani. Kila asubuhi huimba akinyoa ndevu. Wiki nzima bafuni kulikuwa na mlio wa maji tu. Jumapili iliyofuata wazee wawili wa sauti ya nne walifika mapema, wakamtengea kiti katikati yao, na mmoja akamwambia kwamba huku chini watu hawalipi kodi ya hewa. Akaimba. Shangazi anasema Jumatatu bafuni kukawa na wimbo, ingawa si ule wa zamani.

Nimeifikiria sana hadithi hiyo kwa sababu inawajibu wote watatu. Inamjibu Mkenya: mjomba hakustaafu, na jina lake halikuharibika. Inamjibu Mmalawi: kwaya haikujifanya kwamba sauti ipo, ilisema ukweli na ikamhamisha. Inamjibu hata Mnyalukolo: kuachiwa tu aendelee palepale kungekuwa kumwacha peke yake na noti asizozifikia. Mzaha ulifanya kazi kwa sababu waliomtania walimtengea pia kiti.

Lakini mjomba ana nafuu moja ambayo Bon Jovi hana. Hakuna aliyemrekodi. Sauti yake ya miaka 24 imebaki katika kumbukumbu za watu, na kumbukumbu ni karimu: humpunguzia mtu leo na kumwongezea jana, lakini haiwezi kuchezwa tena ikashindanishwa naye. Bon Jovi kila akipanda jukwaani anashindana na kijana ambaye hazeeki, hapati mafua, na anaimba ile kii ya juu kila siku kwenye maelfu ya redio duniani. Ni nani angeshinda? Sisi tunaocheka tunadhani tunalinganisha mzee na kijana. Kwa hakika tunalinganisha koo na utepe wa sumaku.

Mwenzetu wa Unguja, ambaye husikiliza zaidi kuliko anavyosema, ndiye aliyetuletea mfano ulionisadikisha. Alimtaja Bi Kidude. Bi Kidude aliimba taarabu na kupiga ngoma ya unyago mpaka uzeeni kabisa, na alipofariki mwezi Aprili 2013 hakuna aliyejua kwa hakika umri wake. Sauti yake ilikuwa kavu, ya moshi, yenye mikwaruzo. Dunia ilimpenda kwa sauti hiyohiyo. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Mbona hatukuwahi kumsikia mtu akisema Bi Kidude ameishiwa? Kwa sababu wengi walimfahamu akiwa tayari mzee. Hakukuwa na msichana wa kwenye kaseti wa kumshtaki. Walichokisikia ndicho walichokijia.

Nami nikawa na wa kwangu wa kumtaja. Zambia tulikuwa na roki yetu miaka ya 1970, inayoitwa Zamrock, na bendi iliyojulikana kuliko zote ni WITCH. Mwimbaji wake ni Emmanuel Chanda, aliyepewa jina la Jagari kutokana na Mick Jagger. Miaka ile vijana walimiminika kumwona. Kisha uchumi ukaporomoka, UKIMWI ukaja, na karibu wenzake wote wa bendi ya mwanzo wakafariki. Jagari akafundisha, akachimba vito. Albamu zao zilipochapishwa upya nje ya nchi, watu wa mbali walizisikia kwa mara ya kwanza, na yeye akarudi jukwaani akiwa mzee. Mwaka 2023 bendi ikatoa albamu ya Zango, iliyorekodiwa Lusaka. Sauti yake si ya mwaka 1973, na hakuna anayejifanya kwamba ndiyo. Lakini wanaokwenda kumsikiliza hawaendi kumdai. Wanakwenda wakishangaa kwamba bado yuko mtu wa kuwaimbia.

Mmalawi aliupinga mfano wangu, na alikuwa na hoja. Alisema Jagari hakuwahi kuwauzia watu viwanja vizima vya mpira, kwa hiyo hana deni. Bon Jovi aliuza, kwa hiyo analo. Nilikubali. Nadhani hapo ndipo lilipo fundo lenyewe. Shabiki wa roki anaamini kwamba anadai. Alitoa ujana wake kwa nyimbo hizo, alizisikiliza alipoachwa na mpenzi, alizisikiliza alipopunguzwa kazi, na sasa anataka arudishiwe ujana huo kwa kii ileile. Mwimbaji akishindwa kuifikia noti, shabiki anasikia koo la mwimbaji, na anasikia pia miaka yake mwenyewe. Nikimwangalia mjomba akicheka lile koo la mbuzi, najua kwamba mbuzi wawili wamefungwa kwenye baiskeli hiyo.

Mwaka 2024 ilitoka filamu ya sehemu nne kuhusu bendi hiyo, Thank You, Goodnight. Tuliitazama kwa simu moja, watano kitandani, mmoja akishika chaja. Tulimwona Bon Jovi kabla ya onyesho akifanya mazoezi ya koo, na tukamwona akijisikiliza. Hilo lilitunyamazisha. Yote tuliyokuwa tukiyasema alikuwa ameshayasikia kwa masikio yake, na masikio yake ni makali kuliko yetu. Amewahi kueleza kwamba mwisho wa ile ziara ya 2022 ni mkewe, Dorothea, waliyejuana tangu shule, aliyemwambia wazi kwamba haikuwa nzuri. Maelfu ya mashabiki walikuwa wameshasema hivyohivyo, tena kwa mizaha mikali zaidi. Lakini aliyesikilizwa ni yule ambaye angekwenda naye nyumbani, kisha hospitali.

Naye hakujificha. Baada ya upasuaji alisema hatatoka kwenda ziara mpaka aweze kuimba onyesho zima, usiku baada ya usiku, siku kadhaa kwa wiki. Mwezi Juni 2024 bendi ilitoa albamu ya Forever. Tuliisikiliza mara mbili. Mkenya alisema sauti ni nyembamba. Mmalawi alisema angalau hakuna anayedanganywa. Mnyalukolo alisema nyimbo zimekaa mahali ambapo mwenyewe anaweza kukaa. Mwenzetu wa Unguja aliomba irudiwe. Mjomba, nilipompelekea, alijibu kwamba mbuzi ameshuka kwenye baiskeli na sasa anatembea kwa miguu yake, na kwamba niongeze sauti.

Ubishi wetu haujaisha, na sidhani kama kuna anayetaka uishe. Mkenya amerudi kwenye utani, ila siku hizi haonyeshi video kwa watu asiowajua. Mmalawi bado anataka tangazo liseme ukweli, nami naona ana haki. Kwa upande wangu nimepata kundi. Sisemi astaafu wala sisemi aendelee. Hilo ni la koo lake na la watu wa nyumbani kwake. Nasema kuhusu sisi tu, tunaocheka. Kama tumeichukua haki ya mtani, tuibebe na kazi yake.

Na kazi yenyewe siyo ngumu kuijua. Mwimbaji akifika kwenye kiitikio cha mwisho na kii ikapanda, akageuza kipaza sauti kwetu, mpita njia huchomoa simu arekodi aibu. Mtani hujaza kifua. Noti ile ya juu imetuhudumia miaka yote hii bila kutuomba kitu. Ikiwa mwenyewe hawezi tena kuibeba, basi tuibebe sisi, watano wa bweni letu kwa sauti zetu mbaya, na mjomba kule Kitwe kutoka sauti ya nne. Tukishamaliza tutamcheka.